Chupa Elfu Mbili na Kitawi Kimoja

Jumapili, 9 Machi

Régis, mume wangu, amesema nikimwuliza tena kwa mara ya tatu kama gesi imezimwa, atahamia zizini kwa ng'ombe wa jirani. Basi nimenunua daftari. Daftari halichoki na halina pa kuhamia.

Mchana tulikula kuku kwa uyoga wa porini. Baba mkwe, Mzee Anthelme, alipanda kutoka ghalani na chupa ya kremani yetu, divai ya mapovu, ya mwaka juzi, zabibu za Chardonnay na tone la Poulsard. Régis akaifungua kwa kishindo, kizibo kikaenda kugonga taa.

"Wewe unafungua divai au unaua nguruwe?" Baba akamwuliza.

"Si sherehe, Baba? Lazima isikike."

"Kishindo ni cha wanaotaka jirani ajue. Kizibo unakishika, chupa ndiyo unaizungusha. Inatakiwa ishushe pumzi tu, kama mtu aliyepata pa kukaa." Nami akanirudishia glasi nilizoleta. "Hizi pana ni za aiskrimu, mwanangu. Lete zenye kiuno, mapovu yapate njia. Na hiyo barafu iondoe. Ulimi ukifa ganzi utanywea nini, masikio?"

Alikuwa amechangamka, na ndipo Régis alipomwambia. Mwaka huu sukari ya divai nitatia mimi. Januari Baba aliacha koki ya pipa wazi, pipa zima likaingia mferejini. Wiki iliyofuata akaenda sokoni na viatu viwili visivyofanana.

"Miaka hamsini na tatu natia mimi," alisema.

"Ndiyo maana upumzike, Baba."

"Haya. Mkipenda."

Akaendelea kula kuku wake. Nilitamani kuingia chini ya meza. Tulipokuwa tunaosha vyombo Régis akaninong'oneza kwamba likitokea jingine, tunachukua ufunguo wa ghala na Baba anahamia Besançon kwa dada yake Ernestine, ghorofa ya nne. Nikajibu, "Labda ndiyo afadhali." Nimeandika jinsi nilivyosema.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Mafua. Najirudia kama mtoto wa shule: gramu ishirini na nne kwa lita moja, lita elfu moja na mia tano, jumla kilo thelathini na sita. Hamira huila sukari ndani ya chupa iliyozibwa, hutoa hewa, na hewa ndiyo mapovu. Sukari ikipungua, divai inalala. Ikizidi, Mungu atunusuru.

Jumanne, 11 Machi

Imekwisha. Nilishuka ghalani saa mbili asubuhi. Ghala la Baba ni lile lile, utando wa buibui kama mapazia. Kwenye koki ya tangi la tatu alikuwa amechomeka kitawi kikavu cha Jumapili ya Matawi ya mwaka jana, kama anavyovichomeka kila mahali: juu ya kitanda, juu ya mlango, hadi kwenye trekta. Majani yalikuwa yakipukutika juu ya mikono yangu. Nikakitoa, nikakitupa jikoni kwenye ndoo ya maganda, nikasugua koki kwa maji ya moto.

Sukari niliipima mara nne. Tangi nililiona limejaa zaidi kidogo kuliko nilivyokumbuka, nikajilaumu kwamba sikuangalia vizuri. Nilionja kabla ya kutia, nikaonja baada ya kutia. Kwa pua hii ningeweza kunywa siki nikaisifu.

Kutwa tumejaza na kuziba. Chupa elfu mbili na nne, zimelala safu kwa safu. Baba hakushuka. Anasema mgongo unamuuma.

Jumatano, 12 Machi

Baba kanikuta nikimenya viazi.

"Kwenye koki ya tangi, kitawi ulikiona?"

Kitu kilichobarikiwa hakitupwi kwenye maganda, hilo hata mimi nalijua, na sikutaka mahubiri. "Kitawi gani, Baba? Sikuona kitu."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Hukuona."

"Sikuona."

"Haya," akasema, akatoka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshuka mara mbili kuangalia chupa. Zimelala. Gesi imezimwa.

Alhamisi, 20 Machi

Baba anasimama kila asubuhi kwenye pampu ya uani na kuongea peke yake. Majina ya mashamba yetu ya mizabibu na miaka yalipopandwa. "Baillat, sitini na nane. Crêtet, sabini na moja. Perrouse..." Kisha anaanza upya. Régis amemwona pia. Tumetazamana tu.

Jumamosi, 29 Machi

Jua kali mno kwa mwezi huu. Machipukizi yanafunguka mapema, kijiji kizima kinaogopa baridi ya Aprili isije ikayaunguza.

Jumapili, 6 Aprili

Tulikuwa mezani, jibini la Comté katikati, nikasikia mlio chini ya miguu yetu. Nilidhani Régis kapiga teke meza. Ukasikika wa pili.

Baba alikuwa wa kwanza kusimama. Uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza.

"Msifungue mlango kwanza," alisema. "Hesabuni mpaka mia moja."

Chupa tatu. Vipande vilikuwa vimeruka hadi ukutani, divai ikitiririka kwenye mawe, na harufu yake, nasikitika kuandika, ilikuwa nzuri sana.

Jumatatu, 7 Aprili

Mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Nne. Régis ameazima kipimo cha presha kwa rafiki yake. Anatoboa kizibo cha bati na mshale unapanda. Inatakiwa tano, tena si sasa, mwezi ujao. Imesoma sita na nusu, na alipoonja divai ile bado ilikuwa na utamu.

"Sukari mara mbili," alisema. "Hakuna jibu lingine. Perrine, ulipima ngapi?"

"Thelathini na sita. Mara nne nilipima! Mifuko mitupu iko pale, kahesabu!"

Akahesabu, ikatimia. Akapanda darini, kule Baba anakoweka sukari yake ya jamu. Akarudi na mifuko ya Baba, nayo mitupu. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko.

"Baba, uliingia ghalani kabla ya Perrine?"

"Jumatatu jioni," alisema polepole. "Nilitia. Nadhani nilitia. Nilitia, nikaweka..." Akanitazama. "Hapana. Kama ningetia ningeweka. Sijui, mwanangu. Sijui tena."

Régis hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alimwekea Baba mkono begani kama anavyowekewa mgonjwa.

Nilipata ahueni. Nilikwenda kuosha sahani na kila sahani nikajiambia: si mimi, si mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Saba. Joto linazidi. Régis amempigia simu Shangazi Ernestine. Chumba kipo, kinatazama maegesho ya magari. Baada ya Pasaka.

Ijumaa, 11 Aprili

Tano. Hatuingii ghalani bila kofia za msumeno, zile zenye wavu wa uso. Baba haingii kabisa. Ufunguo bado uko mfukoni mwake na hakuna aliyethubutu kuuomba.

Jumapili, 13 Aprili. Jumapili ya Matawi

Shangazi Ernestine alikuja kwa treni kuzungumza habari ya chumba, tukaenda kanisani pamoja. Padri alibariki matawi. Kila mtu alishika shada lake la kijani. Shangazi akagawa letu, kama mwalimu, tukitembea kurudi mimi na yeye nyuma ya wanaume.

"Hili la kitanda. Hili la mlango. Hili la tangi, mpe kaka yangu."

"La tangi la nini, Shangazi?"

"Hata hujui, na miaka kumi na sita uko nyumba hii!" Akacheka. "Baba yetu na babu yetu hawakusemeshana miaka tisa, kisa kilikuwa punda. Na ghala ni moja. Sasa nani anajua nani ametia sukari? Wakakubaliana: aliyetia anachomeka kitawi kwenye koki. Ukikikuta kitawi, sukari imeshatiwa, geuka urudi ulikotoka. Anthelme anafanya hivyo mpaka leo, na wa kusemeshana naye wapo. Mazoea!"

Nilijikwaa barabarani pasipo na jiwe.

Alitia, akaweka alama. Alifanya yote alivyofundishwa, na mimi nikatupa alama kwenye maganda ya viazi. Kama kosa lingekuwa lile la kutuasi tu, tungegombana siku moja yakaisha. Lakini kesho yake aliniuliza, kitawi ulikiona? Aliniuliza kwa maneno hayo hayo. Na mimi, kwa kuogopa mahubiri ya dakika tano, nikamwambia sikuona kitu. Mzee yule amekaa mwezi mzima akiamini akili yake imemtoka.

Leo zimepasuka kumi na moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nitasema leo. Tisa.

Jumanne, 15 Aprili

Sikusema. Régis alikuwa amechoka. Kumi na mbili.

Jumatano, 16 Aprili

Sikusema. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nataka pole kabla hata ya kuutoa. Nikisema, Régis atanitazama vipi? Miaka kumi na sita mimi ndiye mwenye kuhakikisha, mwenye kupima mara nne. Nimeona sanduku la Baba limetolewa juu ya kabati. Amelifuta vumbi mwenyewe.

Kumi na nne.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi alikuwa kwenye pampu. Mara hii nilitoka na kapu la nguo nikasimama nyuma yake.

"Baillat, sitini na nane. Crêtet, sabini na moja. Perrouse, sabini na sita. Sous-Roche, themanini na tatu." Akavuta pumzi. "Mke wangu Léonie, alifariki Oktoba tarehe tatu. Mjukuu sina. Leo Alhamisi."

Hakuwa akiropoka. Alikuwa akijipa mtihani. Kila asubuhi ya Mungu anasimama pale kwenye baridi, anahesabu kilichobaki kichwani, aone kama usiku umeiba kitu.

Akageuka akaniona. Hakushtuka. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo wa ghala, ule mkubwa wa chuma.

"Shika, binti yangu. Mpe Régis. Afadhali nitoe mwenyewe kuliko kunyang'anywa. Mtu asiyejua alichofanya jana hana haki ya kushika mlango wenye chupa elfu mbili."

Kapu lilinidondoka. Nguo zote za Régis zikaingia matopeni.

"Kitawi kilikuwepo," nikasema.

"Nini?"

"Kilikuwepo, Baba. Nilikitoa mimi, nikakitupa kwenye ndoo ya maganda. Sikujua maana yake. Na uliponiuliza nikakudanganya. Ulitia sukari, ukaweka kitawi, hukusahau kitu. Mimi ndiye niliyetia mara ya pili."

Midomo yake ilikuwa inatembea, nadhani alikuwa bado anahesabu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa birika la pampu, akafunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikapiga magoti kwenye matope yale yale nikisema nisamehe, nisamehe, Baba. Ilinichukua muda kutambua kwamba nusu ya kile kilio ni kicheko.

"Ndoo ya maganda," alisema. "Mwezi mzima mimi najiona ninakufa kuanzia kichwani, kumbe akili yangu iko kwenye ndoo ya maganda!"

Halafu akasimama, akachukua ufunguo wake mkononi mwangu. Macho yalikuwa yamekauka.

"Ungeniambia Jumatano ile," alisema, "ningekukaripia mpaka saa sita, na saa saba tungekula."

Akaniacha pale na nguo zenye matope.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemwambia Régis. Alichukua sanduku la baba yake akalirudisha juu ya kabati, na usoni mwangu hakutazama. Baba hasemi nami. Kumi na sita.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Baada ya misa Baba alisimama mlangoni mwa jikoni, kofia kichwani. Akazungumza na Régis, lakini alizungumza kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Hamira imekula nusu. Hiyo presha iliyomo ni ya sukari yake," akaninyooshea kidole, "au yangu, chagueni wenyewe. Nusu nyingine bado imelala. Tukizifungua chupa zote sasa, presha ya kwanza inatoka. Kisha tunaziba upya. Nusu iliyobaki italeta mapovu yake taratibu, kama chupa yoyote."

"Baba, tukizifungua hivi zitamwagika zote. Ni fujo ya hamira mle ndani."

"Zikiwa na joto, ndiyo. Zikiwa na baridi ya kuuma meno, inamwagika robo. Tunahitaji baridi."

Nje ilikuwa nyuzi ishirini na mbili. Kumi na tisa leo.

Jumatatu, 21 Aprili

Redio inasema upepo umegeuka, baridi kali itaingia kesho kutwa kutoka milimani, nyuzi tatu chini ya sifuri. Kijiji kizima kinabeba majani makavu ya kuchoma katikati ya mizabibu ili kuipasha joto. Machipukizi yana urefu wa kidole. Jirani yetu alikuwa akilia waziwazi dukani. Na mimi, mbele ya mkate, nilikuwa naomba hiyo baridi ije. Katika kijiji chote nadhani ni mimi tu ninayeiombea.

Jumatano, 23 Aprili

Imekuja. Tulifungua milango miwili ya ghala na dirisha la nyuma tangu jana, baridi ikaingia kama mwenye nyumba. Asubuhi kipimo cha ghalani kilisoma mbili juu ya sifuri. Pumzi zetu zilionekana.

Baba alinivalisha kinyago cha waya cha babu yake, kizito, kinanuka kutu. Yeye na Régis wakavaa kofia za msumeno. Ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Baba."

"Vizuri. Asiyeogopa nisingemtaka humu. Sikiliza. Chupa unaisimamisha taratibu kama mtoto aliyelala. Kizibo unakiinua upande mmoja tu, usikiondoe. Inatakiwa ifanye nini?"

"Ishushe pumzi."

"Enhe."

Ya kwanza iliniponyoka, ikapiga kishindo, povu likanijaa kifuani. Régis akasema, "Jirani ameshajua," na nilijua amenisamehe, au ameanza. Ya pili ikafoka. Ya tatu ikapiga mluzi. Kama ya thelathini hivi mkono ulielewa: chuma kinainuka kidogo, ssss ndefu, povu linapanda hadi mdomoni, linafikiri, linarudi. Nampa Régis, anajazia kutoka chupa nyingine, anaipa mashine izibe. Baba anaipokea anailaza. Moja baada ya nyingine.

Mbili zilipasuka mikononi. Moja yangu. Kipande kimeacha mkwaruzo kwenye waya, usawa wa jicho. Nilikaa kwenye ngazi. Baba akaniletea kikombe cha ile iliyomwagika, ya matope ya hamira, tamu, yenye kuchoma ulimi.

"Kunywa. Hii hainywewi na mfalme yeyote."

Nikanywa. Pua yangu sasa inafanya kazi. Tufaha bichi, unga wa mkate, na sukari, sukari wazi kabisa. Mtoto angeijua.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumemaliza. Tulizoziba upya ni elfu moja na mia tatu na tisa. Nje, Baillat yote imeungua kwa baridi, machipukizi meusi kama majani ya chai. Crêtet imepona. Nimekwenda kuomba msamaha kwa mizabibu ya Baillat, hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 25 Aprili

Sifuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Sifuri. Nimeshuka mara tano.

Jumapili, 11 Mei

Moja. Sikulala mchana. Baba amesema moja kwa mwezi hata babu yake alikuwa akiipata, chupa nayo ina siku zake.

Jumatano, 28 Mei

Kipimo: nne. Shangazi Ernestine amepiga simu kuuliza kama chumba akipangishe. Baba aliichukua simu mwenyewe. "Mpangishe mwenye kupenda magari," alisema.

Jumapili, 15 Juni

Bado anasimama kwenye pampu. Jana alikwama baada ya Perrouse. Nilikuwa nikianika shuka, nikasema bila kugeuka, "Sous-Roche, themanini na tatu." Akasema, "Nilikuwa nakuja huko." Labda alikuwa anakuja, labda siyo. Viatu visivyofanana vilikuwa kweli, na koki ya Januari ilikuwa kweli. Kwa hiyo sasa naanika nguo kila asubuhi, hata pasipokuwa na nguo.

Jumanne, 24 Juni

Kipimo: tano na kitu. Hiyo ndiyo yenyewe.

Asubuhi nilichelewa kushuka jikoni. Mume wangu ameshakwenda Crêtet, Baba yuko uani, namsikia. Kikombe changu cha kahawa kilikuwa mezani, kimefunikwa kisahani ili kisipoe. Juu ya kisahani kulikuwa na kitawi, cha mwaka huu, bado kijani.

Mkono ulikuwa tayari umeshika kopo la sukari. Nikalirudisha.